Mwaka Tulipoifanyia Cherehani Matanga

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Bukavu na mtu anayeitwa Murhula, mdogo wake marehemu Mama Nsimire, akanitukana kabla hajanisalimia. "Papa Rehema," akasema, "mmemfukia dada yetu kwenye udongo wa watu kama mbwa aliyegongwa na gari. Sanduku la kurudisha maiti mlikuwa nalo. Mlilifanyia nini?" Nikamwambia ngoja, baba, nikueleze. Hakungoja. Aliniita mzee mwizi, akakata. Sasa mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu mwalimu alioa mke wa mbali akahama naye, lakini kuandika najua, na mtu asiyetaka kusikia kwa sikio ataona kwa macho. Ndiyo maana nimekaa hapa kwenye chumba chetu cha kushonea, huku bondeni Kensington, ninaandika habari za mwaka mmoja tu, ule ulioanza na mvua za mwisho wa 2016 ukaisha na mvua za mwisho wa 2017. Habari za baba yangu na mama yangu hazimo. Wao walikufa wazee, kitandani kwao, hawana la kujitetea. Mwenye la kujitetea ni mimi.

Watu husema mtu hufinyangwa akiwa mtoto. Labda wao. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na saba, nina mvi na kisukari, ndipo nikafinyangwa upya, tena na mwanamke aliyekuwa akinidharau kila siku saa sita mchana tukila. Chumba chetu kilikuwa gereji ya magari zamani. Kipo chini ya barabara, unashuka ngazi saba, mlango wake ni wa chuma, mpana kiasi cha kuingiza gari, na sakafu ina madoa ya oili ambayo sabuni zote za Afrika Kusini zimeshindwa kuyatoa. Juu, kutoka ukuta hadi ukuta, pamepita boriti la chuma nene kama paja la mtu. Mafundi wa magari walikuwa wakitundikia injini hapo. Miaka mitatu tulikaa chini ya boriti lile na hakuna aliyejiuliza linatufaa nini. Mimi nilitundikia koti. Nyuma ya ukuta kuna kijito. Wakati wa baridi kuku anaweza kukiruka asilowe mguu. Kodi ilikuwa nafuu, na sasa najua kwa nini, lakini mwenye nyumba hakusema na sisi hatukuuliza. Mgeni haulizi kwa nini ameuziwa rahisi.

Tulikuwa watatu. Mimi, fundi wa suti. Salvator, Mrundi, fundi wa kila kitu na wa mdomo zaidi. Na Mama Nsimire, aliyeshona sare za shule na magauni ya harusi, mwenye cherehani tatu za umeme, mojawapo ya kupinda pindo, ile inayokata na kushona mara moja, ghali kuliko zote. Alizipata kwa kusugua sakafu za jengo la maofisi mjini miaka tisa, akipiga magoti. Siku aliyonunua ya tatu aliapa mbele yetu: "Goti langu halitagusa sakafu ya mtu tena, isipokuwa ya kanisa." Ndiye aliyetupikia. Jiko la sahani mbili kwenye kona, sombe la majani ya muhogo, maharage, siku ya sikukuu samaki mkavu, na unga wa hapa, ambao hakuupenda hata siku moja. "Hii pap yao," alikuwa akisema akiisonga kwa hasira, "ni bugali iliyokata tamaa." Tulikula sahani moja, na wakati wa kula ndipo maneno yalipotoka. Nikifunga macho nasikia bado: cherehani zimenyamaza, redio ya jirani inaimba Kizulu, na Salvator anabishana na mfupa wa samaki.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nilikosa na sifichi. Mimi ni mtu wa Goma. Kwetu hatari hutoka mlimani, nyekundu, inatembea kama mzee anayejua atafika tu, na inakupa nafasi ya kubeba kitu kimoja. Siku mlima ulipopasuka moto ukaingia mjini, jirani yangu aliyehifadhi mali yake darini aliiacha huko huko darini, ikaungua naye akitazama. Mimi cherehani yangu ilikuwa chini, mlangoni. Niliifunga kwenye kitenge, nikajitwika, nikavuka mpaka nayo mpaka Gisenyi, shingo yangu haijapona hadi leo. Kwa hiyo nilipofika Joburg nilikuja na sheria moja, na kwa kuwa nilijifanya mkubwa wao, niliwapa: jioni kabla ya kufunga, kila mtu anafungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, anakifunga kwenye kitenge, anakiweka chini, kwenye mstari, karibu na mlango. Tayari kuondoka. Salvator aliita hiyo sala ya jioni. "Papa Rehema anaogopa yale marundo ya mchanga wa migodini," aliwaambia wateja. "Anasema siku moja yatatapika." Mama Nsimire aliniuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Yaya," akaniita kaka mkubwa ingawa kwa umri mimi ni mdogo wake, "hapa mlima uko wapi?" Nikamjibu kwamba mlima hauna haja ya kuonekana. Akacheka, lakini akatii. Miaka mitatu alitii, kila jioni, vichwa vitatu, kimoja kimoja, akishika kiuno.

Miezi michache kabla ya mvua zile alikuja binti wa bima. Thandeka jina lake, viatu safi, mkoba begani, na aliniita baba kabla hajafungua mkoba. Alikuwa akiuza bima ya mazishi, ile ambayo kila mtu hapa anayo hata asiye na blanketi. Tukamwambia sisi tuna chama chetu, Kufa na Kuzikana, wanachama kumi na wawili, watengeneza nywele, walinzi, wauza viatu, na tuna sanduku. Kazi ya sanduku ni moja: mwanachama akifa, mwili wake urudi kwao. Hilo ndilo tuliloliogopa kuliko yote, kuzikwa mbali. Thandeka akazitazama zile cherehani. "Na hizi, baba? Hizi zina nini zikipatwa?" Nikamcheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia cherehani haifi, na hata hatari ikija, sisi tuko tayari mlangoni. Akaitazama ile sakafu, akautazama mlango, akasema "eish" peke yake, akatuachia karatasi yake. Salvator aliitumia kukatia mchoro wa kola.

Mvua yenyewe ilikuja Jumapili mchana. Tulikuwa kanisani, darasa la shule tunalokodi, Mchungaji Eliya yuko katikati ya mahubiri, mara mabati yakaanza kupigwa. Ambaye hajaona mvua ya mawe ya Joburg hawezi kuelewa. Mbingu ni nyeupe asubuhi, saa nane ina rangi ya chuma kilichoungua, na saa tisa unapigwa na mayai. Mchungaji alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka, hakuna aliyesikia neno. Ilipokoma tulishuka bondeni kwa miguu, maana roboti zote, taa za barabarani, zilikuwa zimezimika na magari yamekaa kwenye maji kama viboko. Ukuta wa kijito ulikuwa umelala. Mlango wetu wa chuma ulikuwa umekunjwa kwa ndani. Na pale, kwenye mstari, karibu na mlango, kama nilivyoagiza, vichwa vya cherehani vilikuwa vimezikwa kwenye tope jekundu, ncha za vitenge tu zimechungulia.

Yangu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, inayonifika kifuani. Sikuipeleka chini kwa sababu siku iliyotangulia niliipasua tumbo nikitafuta kasoro, nayo mashine iliyopasuliwa huwezi kuifunga kwenye kitenge. Ilikaa pale juu, kavu, na pembeni yake chaki yangu ya kuchoria, kavu. Mwenye sheria peke yake ndiye hakuifuata, na mwenye sheria peke yake ndiye aliyepona. Salvator alianza kufukua tope kwa mikono. Ya kwake ilikuwa ya chuma ya kukanyaga, haina umeme. Aliiogesha kwa mafuta ya taa siku tatu ikafufuka. Za Mama Nsimire zilikuwa za umeme. Alichuchumaa, akafungua kitenge cha ile ya kupinda pindo, akaiinamisha, maji yakatoka kama mtu anayemwaga chai iliyopoa. Halafu akasema bila kunitazama: "Zilikuwa tayari kuondoka, Papa Rehema. Zilimkosa tu wa kuzibeba."

Alikuwa amepokea oda ya sare za shule moja ndogo, watoto wavae wakifungua Januari. Bila cherehani oda inakwenda, chumba kinakwenda, na yeye ana miaka sitini na miwili. Jumatano nilimwona amekunja lile gauni la zamani la kusugulia sakafu, la buluu, ameliweka kwenye mfuko. Hakuniambia anakwenda wapi nalo. Nilijua.

Nikamtafuta Thandeka. Alikuja siku hiyo hiyo, viatu safi vile vile, akashuka ngazi saba, akasimama kwenye tope. Hakunikumbusha kicheko changu. Aliandika mahali petu kwenye kile kikompyuta chake cha mkononi, akangoja, akanionyesha: ramani, na sisi tuko ndani ya rangi nyekundu. "Baba, mashine inakataa. Ninyi mko kwenye njia ya maji. Na hata ingekubali, mvua iliyokwisha kunyesha hailipwi." Nikamuuliza, kwa hiyo kampuni yako inawaandikia watu wa juu kilimani, wasiofikiwa na maji, na sisi tunaofikiwa haituandikii? Akakizima kile kikompyuta. "Mama yangu mwenyewe anakaa karibu na mto," akasema. "Nimeshindwa kumwandikia." Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikashindwa. Akipanda ngazi aligeuka: "Pimeni maji yalifika wapi, baba. Kabla hamjapaosha. Kila mtu anaosha kwanza, halafu anasahau."

Mchungaji Eliya naye nilimwendea, maana ndiye mwenyekiti wa chama, nikamwomba tufungue sanduku tumnunulie Mama Nsimire cherehani. Akaniambia maji ni jaribu la Mungu, na sanduku likifunguliwa bila maiti litaita maiti. Siku moja tu hiyo, asubuhi kompyuta, jioni mchungaji, na wote wawili wananiambia mambo ya maji si mambo yao. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa ule mlima. Mlima una haki ya kuchoma, ni kazi yake. Lakini mtu anayekaa na sanduku limejaa, akimngoja mwenzake afe ndipo amsaidie, huyo ana haki gani?

Ni Salvator aliyepata njia. Kwetu sote, Wakongo na Warundi, kuna jambo moja: kikaoni mtu anaweza kukataa, anaweza kusema tuahirishe, tuunde kamati. Matangani hakuna anayekataa. Ukishakaa kwenye mkeka wa matanga huondoki mikono mitupu, na anayepita bila kukaa huyo ni mchawi. "Basi," Salvator akasema, "tuzifanyie matanga." Nilidhani anatania. Alikuwa anatania. Lakini Jumamosi mchana, nje ya gereji, uani, tulitandika mikeka, tukaweka viti vya plastiki vya kukodi, na katikati, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, cherehani tatu zimelala zimefunikwa kitenge kipya mpaka shingoni. Salvator aliweka mshumaa na picha. Picha ya nini? Karatasi iliyotoka kwenye boksi la ile ya kupinda pindo, ikiwa mpya, inang'aa. Wanachama walioitwa wakaja wamevaa nyeusi wakiulizana ni nani.

"Amekufa nani?" akauliza mlinzi mmoja mlangoni, kofia mkononi.

"Watatu kwa siku moja," Salvator akamjibu, uso mkavu. "Familia nzima. Kaa, baba."

Wakacheka. Mama mmoja mtengeneza nywele alianza kulia kwa mzaha, akijipiga mapaja: "Wee mupinda pindo, umetuacha na nani! Nani atatufungia uzi!" Wengine wakaitikia, vicheko vinawatoka puani. Sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka. Yule mama alikuwa akisema "umetuacha na nani", akarudia, na mara ya tatu sauti ikakatika, akaanza kulia kweli, maana alikuwa na duka la nywele Uvira na alilitoka akiwa na kitana kimoja. Kisha mlinzi. Kisha mimi, mzee mzima, nikalia shingo yangu ya Goma. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzika vitu vyake. Watu tulizika, wengi, lakini nyumba, vitanda, mashine, zile tulizikimbia tu tukasema Mungu atatoa vingine. Tulikuwa na deni la machozi na siku ile tulililipa.

Mchungaji alifika katikati ya kilio. Akasimama. Akazitazama cherehani, akatutazama, uso ukamvimba. "Hii ni kufuru," akasema. "Mnamchezea Mungu. Maiti iko wapi?"

Mama Nsimire alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, mahali pa mfiwa. Akainuka. Hakuwa mrefu. Akajifunga kitenge vizuri, akazunguka meza, akakaa ubavuni mwa cherehani, akaikunja mikono kifuani.

"Maiti ni mimi," akasema. "Nipeni changu nizikwe leo."

"Mama, usijitabirie kifo."

"Mchungaji, mimi nimekimbia vita mara mbili na maji mara moja. Kifo kinanijua kwa jina, hakihitaji kutabiriwa. Ndani ya sanduku lile kuna fungu langu, la kunipeleka Bukavu. Nimelilisha miaka sita. Sasa nauliza, Bukavu nitakwenda kufanya nini nikiwa siwezi hata kukohoa? Nipeni leo jeneza langu, nililipie uzi. Siku nitakayokufa kweli mnizike palepale nitakapoangukia. Udongo ni udongo. Lakini kesho kutwa nikipiga magoti kwenye sakafu ya mtu, ninyi kumi na mmoja mmenizika nikiwa hai, na hamkunitandikia hata mkeka."

Mchungaji alitafuta kiti, na kiti kilichokuwa karibu ni cha plastiki cha matanga, akakaa. Alipokwisha kukaa akakumbuka desturi. Nilimwona akikumbuka. Salvator naye alimwona, akamsogezea chai.

Murhula, kama unasoma, hapo ndipo sanduku lilipokwenda. Dada yako alilipata fungu lake lote, mbele ya watu kumi na mmoja, na mikono yetu ikatia saini, na wa kwanza kutia saini alikuwa yeye mwenyewe. Jumatatu tulikwenda Fordsburg, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza cherehani zilizotumika. Mama Nsimire alizijaribu kwa kusikiliza, sikio karibu na tumbo la mashine, kama mkunga. Alitaka punguzo, mzee akagoma, akamwambia: "Baba, mimi hizi tatu nazilipia kwa jeneza langu." Mzee akamtazama, akapunguza, akaongeza na bobini dazeni moja. Sare za watoto zilimalizika kabla shule haijafungua. Lile gauni la buluu alilikata vipande, tukafutia oili.

Lakini mwaka haukuishia hapo, na mimi nilikuwa bado na kosa langu. Kabla ya kuosha tulipima, kama yule binti alivyosema. Mama Nsimire alichukua utepe wake wa shingoni, ule wa kupimia viuno, akaushusha ukutani kutoka kwenye alama ya tope hadi sakafuni. Sentimita tisini na nne. "Kiuno cha bibi arusi mnene," akasema. Akachora kwa chaki mstari kuzunguka chumba chote, na chaki ilipoanza kufutika tukagongomea ukanda wa kitenge juu yake. Siku nyingi baadaye wateja waliudhani ni pambo. Chini ya mstari ule hakikai kitu kinachoweza kufa. Na nikiwa nimejilaza mle chumbani siku moja, nikitazama koti langu kwenye boriti, akili ikanifunguka, kwa aibu, baada ya miaka mitatu: mafundi wa magari walitundika injini pale. Injini! Tukanunua makapi matano, yale magurudumu ya kuvutia kamba, na kamba ya nailoni. Ile sala ya jioni ikaendelea, lakini sasa baada ya kufunga kichwa kwenye kitenge unakifunga kamba, unavuta, kinapanda. Wiki ya kwanza niliota ndoto mbaya, maana mwili wangu wote uliniambia mali iliyo juu ni mali iliyopotea. Ndivyo Goma ilivyonifundisha na haikunidanganya. Ilinifundisha habari za Goma. Kila mahali pana njia yake ya kuua, na mjinga ni yule anayebeba kinga ya kwao kwenda nayo kwa watu bila kuuliza.

Mchana tulihitaji macho, maana mvua zile huja watu wakiwa kazini. Juu kilimani anakaa bibi wa Kireno, Dona Lurdes, mteja wa Mama Nsimire wa mapazia. Kutoka barazani kwake anaona wingu likitokea kusini kabla sisi wa shimoni hatujaona kitu. Walikubaliana wenyewe, kwa Kiingereza cha vipande: wingu likiwa jeusi la kawaida, simu iite mara moja ikatwe. Likiwa na ile rangi ya kijani kibichi ya mawe, iite bila kukoma. Malipo yalikuwa kupindiwa mapazia bure maisha yake yote. Salvator alisema hiyo ndiyo bima ya kwanza aliyoielewa.

Na ilikuja. Mwisho wa 2017, saa tisa na nusu, simu ikaita bila kukoma. Nilikuwa na koti la bwana harusi chini ya sindano. Mama Nsimire alipiga makofi mara mbili tu. Skrubu zikatoka, vitenge vikazunguka, kamba zikalia kwenye makapi, vichwa vitano vikapanda, vitambaa vikarukia rafu za juu, na tukapanda ngazi saba wakati jiwe la kwanza linagonga bati. Tulisimama barabarani chini ya kibanda cha spaza, duka dogo la mtaani, tukayaona maji yakiingia kwetu kama mwenye nyumba. Yalifika sentimita themanini na kitu. Vichwa vilikuwa vinaning'inia juu yake, vinabembea kidogo, vitano, vimefungwa vitenge kama watoto mgongoni. Mama Nsimire aliyafokea maji. Kwa Kishi, lugha ya kwao, sikuelewa neno hata moja, lakini yule mwenye spaza, Mzulu, alimwitikia "Yebo, mama!" Kesho yake saa nne tulikuwa tumekwisha kusukuma tope nje na tunashona. Sakafu ikiwa bado imelowa, miguu kwenye mifuko ya plastiki, tunashona. Thandeka alikuja akapiga picha makapi, na baada ya barua nyingi kampuni yake ikakubali kuandika cherehani tu, zile zilizo juu ya mstari. Chumba hapana. Tukakubali. Lakini kamba hatukuishusha.

Mama Nsimire hakulilisha tena sanduku la kurudisha maiti. Tulianzisha la pili, la walio hai, la maji na mawe na moto, na Mchungaji Eliya mwenyewe yumo. Wengine wetu tumebaki kwenye yote mawili. Salvator anataka kurudi Ngozi, kwao Burundi, ndani ya boksi, ni haki yake. Mama Nsimire hakutaka, na alipoanguka na presha, mchana, mkasi mkononi, tulifanya alivyosema. Makaburini nilishuka kwenye gari na sikulitazama shimo kwanza. Niliutazama mteremko. Kaburi lake liko upande wa juu.

Jana Murhula alipiga tena. Saa tisa na kitu, na nilikuwa nimekwisha kuandika mpaka hapo juu, nikitaka kumsomea. Akaanza pale pale alipoachia, mwizi, mbwa, udongo wa watu. Wakati huo huo simu ya Salvator ikaanza kuita juu ya meza, bila kukoma, Dona Lurdes. Nikamwambia Murhula, shika simu, baba, usikate, nikaiweka kwenye rafu ikiwa wazi. Espérance, fundi aliyefundishwa na Mama Nsimire na sasa anashonea kwenye meza yake, alikuwa amekwisha kufungua ile ya kupinda pindo, iliyonunuliwa kwa fungu la Bukavu. Tulivuta wote watatu, polepole, maana ni nzito, na mawe yakaanza kupiga juu yetu. Nilipochukua simu nikitoka mlangoni Murhula alikuwa bado yupo, na sauti imepungua.

"Kelele gani hiyo, Papa Rehema? Mnafanya nini huko?"

"Ni dada yako," nikamwambia. "Tunampandisha juu."